CG125 ya zamani: nimefungiwa balbu kubwa, taa imezidi kufifia. Tatizo ni koili, waya au rifleta?

ChumaChaMnada
Wakuu, mbukwenyi. Nina Honda CG125 ya zamani, ya volti 12, niliichukua mnadani, ilikuwa chombo cha ofisi. Injini haina neno, inapanda popote. Shida ni taa ya mbele.

Shamba langu la zabibu liko Mpunguzi, mimi nakaa Nkuhungu, kwa hiyo msimu wa mavuno narudi mjini usiku kwa barabara ya Iringa. Balbu iliyokuwepo ilikuwa ya wati 35/35, yaani 35 kwa fulu na 35 kwa dimu. Fundi akaniambia dawa ni H4, ile balbu ya halojeni ya magari, ya 60/55, akapindisha sikio la balbu kidogo ikaingia. Tangu hapo mwanga umekuwa mwekundu kabisa. Nikisimama unakaribia kuzima, nikipiga resi unarudi kidogo. Balbu yenyewe nimeijaribu kwenye betri ya gari, inawaka safi.

Wa kwanza kaniambia koili imechoka, wa pili kasema waya, wa tatu kasema nitupe taa nzima ninunue nyingine. Nani mkweli? Pia nataka kuongeza taa mbili za pembeni. Aliyefanya hivyo kwenye chuma ya zamani na betri ikabaki hai, naomba anieleze alivyofanya.

BodaNala
Weka LED mkuu, mambo ya halojeni yameshapita. Mimi Boxer yangu usiku naona mpaka sisimizi.

fundi_waya
Kabla ya kumwambia mtu anunue kitu, kwanza ajue umeme wa taa yake unatoka wapi. @ChumaChaMnada, fungua funguo, injini ikiwa imezimwa, washa taa kubwa. Ikiwaka, inakula betri. Isipowaka mpaka upige kiki, inakula moja kwa moja kwenye koili ya taa iliyo ndani ya magneti (jenereta ndogo ya injini), betri haihusiki kabisa.

CG nyingi za zamani, na pikipiki nyingi za Kichina zilizotengenezwa kwa kuigiza injini ile, ni za aina hiyo ya pili. Umeme wake ni ule wa kwenda na kurudi, unapanda na kushuka kwa mzunguko wa injini. Koili ile imesukwa kwa ajili ya balbu ya 35. Ukiipa balbu ya 60, koili haiongezi chochote. Ni sawa na kisima: ukileta ndoo kubwa zaidi, maji yanabaki yale yale. Volti zinaanguka, waya wa ndani ya balbu haupati joto la kutosha, ndiyo maana unaona wekundu.

Kwa maoni yangu koili haijachoka. Imebebeshwa mzigo usio wake.

Mzabibu
Fundi kaeleza vizuri ila nampinga kidogo. Nilikuwa na CG kama hiyo, na 35/35 yenyewe ilikuwa inafifia. Sababu ilikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye mwili wa pikipiki. Zile pikipiki za ofisi zimelala nje miaka mingi, mvua ya Januari na vumbi la Agosti vyote vimeingia kwenye soketi. Mimi nilivuta waya mpya wa ethi kutoka kwenye soketi ya balbu mpaka kwenye boliti ya injini, mwanga ukabadilika saa hiyo hiyo. Sikugusa koili.

MwalimuWaMwanga
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, kwa sababu balbu ya halojeni haisamehi. Mwanga wake hauanguki sambamba na volti, unaanguka kwa kasi zaidi. Punguza volti kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Balbu ya volti 12 ikipata 10, umebaki na nusu ya mwanga na kitu kidogo. Kwa hiyo volti moja iliyopotea kwenye soketi yenye kutu na nyingine kwenye swichi ya usukani zinatosha kukufanya uamini koili imekufa.

Mkuu mwenye uzi, pima kwenye soketi balbu ikiwa inawaka. Ukipima balbu imetolewa, mita itakupa namba nzuri ambayo haina maana yoyote.

MzeeKibaigwa
Nyote mmesahau rifleta. Chuma ya ofisi ya miaka hiyo, fungua taa uangalie ndani. Kama ile rangi ya fedha imegeuka kijivu au imebanduka, hata ukiweka balbu ya ndege hutaona kitu. Mwanga unazaliwa kwenye balbu lakini rifleta ndiyo inaupeleka barabarani. Msiisugue kwa kitambaa kikavu, ile rangi ni nyembamba mno, inatoka yote.

ChumaChaMnada
Asanteni sana, nimefanyia kazi. Majibu:

Funguo wazi, injini imezimwa: taa haiwaki. Kwa hiyo ni ya koili, kama alivyosema fundi_waya. Nimepima kwenye soketi balbu ikiwaka: injini ikinguruma yenyewe ni volti 7 na kidogo, nikipiga resi inafika 10. Nikavuta waya wa ethi kama alivyosema Mzabibu, ikapanda mpaka karibu 11. Rifleta ina doa la kijivu upande wa juu, kama robo hivi, kwingine inang'aa.

Mzabibu
Si nilisema? Ethi hiyo.

fundi_waya
Ethi imekupa volti moja. Zilizobaki kazilipe nani? Rudisha 35/35 kwanza, ethi mpya ikiwepo, upime tena. Halafu hiyo 60/55 itoe hata kama ingewaka vizuri: ukiilazimisha ikapata umeme wa kutosha, joto lake litayeyusha soketi na kuunguza waya wa zamani, na kama rifleta ni ya plastiki itajikunja.

MwalimuWaMwanga
Tahadhari moja kuhusu hizo namba. Mita za kawaida hukadiria umeme wa kwenda na kurudi kwa kudhani wimbi lake ni laini. Regyuleta ya pikipiki (kidhibiti volti) inalikata wimbi, kwa hiyo mita ya bei ndogo inaweza kudanganya. Usishikilie 10 au 11 kama maandiko. Tofauti kabla na baada ya ethi ndiyo ya kuaminika.

BodaNala
Watu mnapima mpaka asubuhi. LED ya wati 20 inakula kidogo kuliko 35, koili inapumua, mwanga unazidi. Kwani hesabu hiyo ina shida gani?

fundi_waya
> BodaNala: LED ya wati 20 inakula kidogo kuliko 35, koili inapumua

Kwenye pikipiki yenye umeme wa betri, sawa. Kwake yeye hapana. LED inataka umeme wa upande mmoja. Ukiifunga kwenye waya wa koili inawaka na kuzima kila mzunguko, unaona inapepesa, na zile za bei rahisi zinakufa mapema. Zipo zilizoandikwa AC/DC, hizo zina kinga yake ndani, zinavumilia.

Na suala la koili kupumua si kweli kwa regyuleta za aina hii. Koili inazalisha vilevile, na umeme usiotumika regyuleta inautupa kwenye ethi kama joto. Ukipunguza mzigo sana, regyuleta ndiyo inayochemka. Gusa regyuleta ya pikipiki iliyowekewa LED baada ya safari, utajua.

KondoaKwetu
Je, akiweka daraja la diodi nne, la kugeuza umeme uwe wa upande mmoja, kati ya koili na LED, na kapasita ya kulainisha? Mimi nimeona jamaa Chemba kafanya hivyo, haipepesi.

fundi_waya
Inafanya kazi, lakini kuna mtego. Koili ya CG mwisho wake mmoja umeshikwa kwenye mwili wa injini. Ukipitisha daraja la diodi, hasi inayotoka kwenye daraja USIIFUNGE kwenye fremu. Hasi ya LED irudishe kwenye daraja lenyewe kwa waya wake. Ukiifunga kwenye fremu, diodi moja inapigwa shoti na daraja linaungua. Mafundi wengi wanaangukia hapo, wanasema diodi feki.

Njia ninayoiamini zaidi ni kufungua magneti, kung'oa ule mwisho wa koili ulioshikwa kwenye ethi, kuutoa nje kwa waya wake, halafu kufunga regyuleta inayotumia wimbi zima. Pikipiki yote inakuwa ya umeme wa upande mmoja, taa inakula betri, haififii ukisimama.

MzeeKibaigwa
Hapo nakukatalia, fundi, kwa heshima zote. Uzuri mkubwa wa chuma hizi ni kwamba betri ikifa unapiga kiki, unawasha taa, unakwenda. Nimetoka Kongwa usiku betri imekufa kabisa na taa ya mbele ikawaka mpaka nyumbani. Mtu anayelala njiani akitoka shambani anataka uhakika huo. Ukiibadilisha yote iwe ya betri, siku betri inakufa kule porini umebaki na tochi ya simu.

fundi_waya
Mzee, betri ya kawaida ikichajiwa vizuri haifi ghafla. Inakufa kwa sababu mfumo wa zamani unachaji nusu wimbi tu. Ukibadilisha, chaji inaongezeka na betri inaishi.

MzeeKibaigwa
Betri za siku hizi, kijana wangu? Haya.

TaniThelathini
Samahani wakuu, mimi ni dereva wa lori, Dodoma, Manyoni, Singida mpaka Mwanza. Nasoma uzi wote, sijaona mtu anayeuliza sisi tunaokuja mbele tunaonaje. Kuanzia Bahi kwenda mbele unakutana na bodaboda wana spoti nyeupe mbili zimetazama juu, hazina dimu. Unawapigia taa, hawazimi, kwa sababu hazina swichi ya kuzimia karibu. Macho yanabaki na doa kwa sekunde kadhaa, na mimi nina tani thelathini nyuma. Ukitoka kwenye doa hilo unakuta mkokoteni wa punda uko mbele yako. Nawaomba kwa dhati: mkiongeza taa, wekeni swichi mkono wa kushoto, kidole kiifikie.

ChumaChaMnada
Nimekuelewa kaka, hilo nalichukua. Swichi itakaa usukani.

MwalimuWaMwanga
Dereva kagusa penyewe. Nami niongeze hesabu, maana watu wanadhani mwanga mwingi ni ufahari. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikia breki, umeshakwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita 40 hivi nyingine. Jumla unahitaji zaidi ya mita 70. Dimu ya pikipiki ya zamani haikuonyeshi ng'ombe mweusi aliye mita 70. Kwa kilomita 60 jumla inashuka karibu mita 50. Ndiyo maana mwendo wa usiku unapangwa na taa uliyonayo.

Halafu kuelekeza taa: simamisha pikipiki kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani, wewe ukiwa umekaa juu yake. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani. Sehemu ya juu ya mwanga wa dimu ikate sentimita 10 hadi 20 chini ya alama hiyo. Na ukibeba matenga ya zabibu nyuma, springi zinakaa, pua inainuka, taa inapanda juu. Pima ukiwa na mzigo unaobeba kwa kawaida.

KondoaKwetu
Na kioo cha taa? Nilisikia taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia zinarusha mwanga upande wa kulia, kwetu huko ni machoni kwa anayekuja.

MwalimuWaMwanga
Ni kweli kwa magari na kwa pikipiki kubwa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa dimu unapaswa kupanda kidogo kushoto, pembeni mwa barabara. China wanaendesha kulia, India kushoto kama sisi. Ila taa nyingi za pikipiki ndogo zina mwanga ulio sawa pande zote, hazina upande. Angalia ukutani: mstari ukiwa umelala sawa, huna shida. Ukipanda kulia, usiinunue taa hiyo.

BodaNala
Turudi kwenye spoti. Za njano au nyeupe? Mimi nasema njano. Njano inapenya vumbi.

MzeeKibaigwa
Njano. Kipindi cha vumbi barabara ya Gulwe, ukifuata lori, nyeupe inakurudia usoni. Njano unaona.

MwalimuWaMwanga
Sikubaliani na neno kupenya. Mbingu ni ya bluu kwa sababu chembe za hewa ni ndogo mno, zinatawanya bluu kuliko rangi nyingine. Chembe ya vumbi au tone la ukungu ni kubwa kuliko wimbi la mwanga kwa mbali sana, linatawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni kwamba njano imeondolewa ile bluu inayoumiza macho usiku, na kwamba taa za njano kwa kawaida hufungwa chini. Funga nyeupe yenye mwanga mpana chini karibu na injini, utaona tofauti ni ndogo. Ufaransa waliwalazimisha wenye magari kutumia taa za njano tangu miaka ya 1930, sharti hilo likaisha 1993, na magari yao yanaendelea kwenda usiku.

MzeeKibaigwa
Mwalimu, Ufaransa hakuna vumbi la Gulwe.

BodaNala
Mzee kamaliza 😄

Mzabibu
Mimi ninazo zote mbili, moja njano moja nyeupe. Kwenye vumbi naona bora njano. Kwenye lami kavu nyeupe inafika mbali zaidi. Sababu mtajuana wenyewe.

binti_chamwino
Habari zenu. Nafanya kazi kwenye kliniki ya macho. Mwenye uzi, shikamoo, samahani kwa swali: una umri gani? Mtu wa miaka 60, jicho lake linapitisha takriban theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Mboni haifunguki kama zamani na lenzi inaanza kuwa na rangi. Na mtoto wa jicho akianza, kila taa inayokuja inatawanyika, mtu analalamikia taa yake miezi na miezi. Cheki pia kioo cha helmeti. Mikwaruzo midogo ambayo mchana huioni, usiku inageuka ukungu kila gari linapokuja.

ChumaChaMnada
Marahaba binti yangu. Nimevuka hamsini. Kioo cha helmeti kina mikwaruzo, hilo halina ubishi. Nitabadilisha, na nitakuja kupima macho.

fundi_waya
Tumalizie za pembeni, maana aliuliza mwanzoni. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Nimepima spoti zilizoandikwa wati 100, zinakula ampea moja na nusu, yaani wati 20 tu. Na kwako hilo ni jema. Mbili za wati 20 ni ampea 3 hivi. Kwa mfumo wako, hizo zitakula betri, si koili ya taa.

Chukua umeme kwenye chanya ya betri, fyuzi ya ampea 5 iwe karibu kabisa na betri, waya wa milimita 1.5 za mraba. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya miguu minne: 30 kwenye fyuzi, 87 kwenye taa, 85 ethi, 86 ipate umeme wa swichi, na swichi ilishwe na waya unaowaka funguo ikifunguliwa tu. Ukisahau kuzima, funguo itazima. Usichukue umeme kwenye waya wa honi, naona wengi wanafanya hivyo.

Halafu kipimo cha mwisho: washa kila kitu, pima betri ukiwa umepiga resi ya mwendo wa kawaida. Ikikaa juu ya 13, uko salama. Ikishuka chini ya 12 na nusu, unakula akiba. Betri ya ampea-saa 7, ukipungukiwa ampea moja na nusu kila wakati, haifiki saa tano.

TaniThelathini
Na ziunganishwe na fulu, ukipiga dimu zizime zenyewe. Inawezekana?

fundi_waya
Kwenye pikipiki ya betri ni rahisi: 86 unaipa waya wa fulu. Kwake waya wa fulu ni wa koili, rilei itatetemeka. Inabidi diodi na kapasita ndogo hapo, au abadilishe mfumo wote kama nilivyosema.

MzeeKibaigwa
Au swichi ya mkono na adabu ya dereva.

ChumaChaMnada
Mrejesho: nimerudisha 35/35, ethi mpya ipo, soketi nimebadilisha. Mwanga ni mweupe sasa. Ukisimama bado unashuka, ila barabarani unafaa. Wa koili na wa ethi endeleeni kubishana, mimi rifleta nimeagiza.

Mzabibu
Ethi.

fundi_waya
Balbu sahihi.

KondoaKwetu
Sasa mimi naomba nidandie hapa. Nina Honda XL125S ya volti 6. Nataka kuipeleka volti 12. Nibadilishe regyuleta na balbu tu, au lazima nisuke koili upya?

fundi_waya
Usianze na kusuka. Fungua kifuniko cha magneti, piga picha ya koili zote na rangi za waya zinapotokea, weka hapa. Koili bila mzigo mara nyingi inatoa zaidi ya volti 6, regyuleta na balbu ndivyo vinavyoiweka chini. Swali ni itabaki na ampea ngapi ukiipandisha. Pima umeme wa kwenda na kurudi kwenye waya wa chaji ukiwa umeuchomoa, injini ikiwa kwenye resi ya kati, ulete namba. Na usikate waya wowote kabla ya picha.